Kukata na kupanga vipande vya wimbo kwenye kompyuta: somo kwa vikundi vya kuimba na vilabu vya redio



Mara nyingi tunapotembelea kambi tunaulizwa swali moja. Kikundi kimetunga wimbo, kimeurekodi kwa simu, na sasa kinataka wimbo huo usikike kwenye redio ya jamii. Lakini wimbo una dakika nane na redio inatoa nafasi ya dakika nne. Mtoto amelia katikati. Mvua imepiga juu ya turubai. Mwimbishaji amekosea ubeti wa pili, akacheka, akaanza upya. Je, wimbo huo utupwe?

Hapana. Kazi ya kuusafisha na kuupanga inaweza kufanyika kwenye kompyuta ndogo ya kubeba, ile wengi wetu huku tunaita ordinatere, bila studio na bila pesa nyingi. Katika somo hili tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Tutaeleza pia kosa ambalo timu yetu ilifanya mwaka 2024. Si jambo la kujivunia, lakini lilitufundisha kuliko kitabu chochote cha maelezo.

Programu tunayotumia

Sisi tunatumia programu iitwayo Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ilitolewa kwa watu wote mwaka 2000. Hailipiwi. Ukishaipakua mjini penye intaneti nzuri, unaweza kuipeleka kambini kwa kle ya USB, na baada ya hapo haihitaji intaneti tena. Programu nyingine zipo, kama vile Ardour na Reaper, na mtu aliyejifunza moja hapotei kwenye nyingine, maana zote zinashughulikia sauti kwa namna ileile: kwa vipande.

Kipande ni nini

Ukifungua wimbo ndani ya programu hii, huoni maneno. Unaona picha ya vilima na mabonde inayotoka kushoto kwenda kulia. Penye sauti kubwa kilima ni kirefu, na penye kimya unabaki mstari mwembamba. Baada ya nusu saa jicho linazoea. Pale wote wanapoitikia ni panene, pale mwimbishaji yuko peke yake ni pembamba, na pale mvua ilipoanza hata kimya chenyewe kimekuwa kinene.

Picha hiyo yote ni kipande kimoja kilicholala juu ya njia moja. Unaweza kuwa na njia nyingi zinazokwenda sambamba, moja chini ya nyingine: ngoma kwenye njia yake, mwimbishaji kwenye yake, waitikiaji kwenye yao. Kompyuta inazipiga zote kwa pamoja. Kipande kinaweza kukatwa, kusogezwa mbele, kurudishwa nyuma, kuhamishwa kwenye njia nyingine, au kunakiliwa mara kumi.

Mama mmoja aliyekaa nasi siku ya kwanza ya mafunzo alitazama, akasema: "Kumbe ni kama kitenge mezani kwa fundi." Tangu siku hiyo tunafundisha kwa maneno yake. Fundi hakati kitambaa ovyo. Anapima, anaweka alama ya chaki, ndipo anashika makasi.

Kwanza chaki

Kabla ya kukata chochote, sikilizeni wimbo wote kwa kaske za masikioni, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kugusa kitu. Kisha sikilizeni mara ya pili mkiweka alama. Kwenye Audacity, simamisha mshale mahali unapotaka, bonyeza Ctrl na B, uandike neno fupi: "ubeti wa 1", "kiitikio", "mtoto analia", "kosa, anaanza upya". Alama hizi zinakaa kwenye njia yao wenyewe chini ya picha.

Vijana hawapendi hatua hii. Wanaona ni kupoteza wakati, hasa betri ikiwa na saa mbili tu na jenereta ikiwa ya parokia. Lakini tumeona mara nyingi kwamba anayeanza na makasi ndiye anayemaliza betri bila wimbo. Tena hatua hii ina faida nyingine. Alama zikishawekwa, hata mama asiyejua kusoma anaweza kukaa kando yako na kukuuliza, "Hapo tuko wapi?" nawe ukamjibu. Kazi inaacha kuwa siri ya anayeshika kompyuta.

Kisha makasi

Weka mshale mwanzo wa sehemu mbaya, bonyeza Ctrl na I. Hakuna kinachosikika, lakini mstari mwembamba umetokea: kipande kimoja kimekuwa viwili. Fanya vilevile mwisho wa sehemu hiyo. Sasa sehemu mbaya imesimama peke yake.

Hapa kuna mambo matatu ambayo wanaoanza wanayachanganya. La kwanza ni kufuta na kuziba pengo, yaani kilicho mbele kinarudi nyuma kujaza nafasi. La pili ni kufuta na kuacha pengo wazi, kila kitu kingine kikibaki mahali pake. La tatu ni kuacha kipande mahali pake lakini kukinyamazisha, kwa Ctrl na L. Kama wimbo wako uko kwenye njia moja tu, la kwanza linafaa. Lakini kama ngoma iko kwenye njia yake na sauti kwenye yake, ukiziba pengo kwenye sauti peke yake, sauti inatangulia na ngoma inabaki nyuma, na wimbo wote unavunjika tangu hapo hadi mwisho. Ukiona hivyo usiogope: Ctrl na Z inarudisha hatua moja nyuma, na unaweza kuibonyeza mara nyingi mpaka ufike pale ulipokuwa salama.

Mahali pa kukata pana sheria zake. Usikate katikati ya neno. Kata baada ya pumzi, au kabla yake, kamwe si ndani yake. Lugha zetu nyingi, kama vile Kinyarwanda na Mashi, zinabeba maana katika kupanda na kushuka kwa sauti. Ukiila silabi ya mwisho, mgeni hatajua, lakini bibi aliyekaa jikoni atajua mara moja kwamba neno si lile. Kwa hiyo anayekata wimbo wa lugha asiyoisema akae na mwenye lugha. Wala usifute pumzi zote. Tumesikia nyimbo zilizosafishwa mpaka mwimbaji akawa kama mtu asiyevuta hewa.

Wakati mwingine, hata ukikata mahali pazuri, unasikia mlio mdogo kwenye kiungo, kama kijiti kinavunjika. Sababu ni hii. Sauti ni wimbi linalopanda juu ya mstari wa katikati na kushuka chini yake mara nyingi sana kwa sekunde. Ukikata wimbi likiwa juu na kuliunganisha na lingine lililo chini, kuna kuruka kwa ghafla, na huko kuruka ndiko kunakosikika. Dawa yake: kabla ya kukata, chagua sehemu yako halafu bonyeza herufi Z, na programu itasogeza ncha zake mpaka pale wimbi linapopita katikati. Dawa nyingine ni kushusha sauti polepole mwishoni mwa kipande cha kwanza na kupandisha polepole mwanzoni mwa kinachofuata, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kuhusu mapigo. Penye ngoma au makofi, kipande lazima kiwe na mapigo kamili. Hesabu kwa kidole mezani. Wimbo wenye mapigo 90 kwa dakika unatumia theluthi mbili za sekunde kwa kila pigo. Ukiondoa sekunde moja tu, umeondoa pigo moja na nusu, na wachezaji watajikwaa. Ondoa duru nzima au usiondoe kitu. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2023, Audacity inaweza kuonyesha mapigo badala ya dakika na sekunde, na hilo linasaidia kwa wimbo uliopigwa kufuata mashine. Kwa wimbo wa kambini linasaidia kidogo. Watu wanaoimba pamoja wanaongeza mwendo bila kujua kadiri wanavyopata moto, na sisi hatuoni kwamba huo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Kupanga: kipi kinatangulia

Kukata ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupanga, na hapo ndipo hatari iko.

Sisi Wakongomani tunalijua jambo hili bila kwenda shule. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, ina mpango wake: kwanza maneno yanaimbwa taratibu, mtu anasikiliza, kisha magitaa yanafungua sebene, watu wanasimama kucheza. Geuza mpango huo, weka sebene mwanzo na maneno mwisho. Noti ni zilezile na waimbaji ni walewale, lakini hakuna atakayesikiliza maneno, kwa sababu wote wamekwisha choka na kukaa. Mahali kipande kinapokaa kunabadilisha kazi yake.

Na kwenye wimbo wenye habari ya vita, kunabadilisha maana.

Kosa letu

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mapigano ya upande wa Masisi na Sake yalisukuma familia nyingi sana hadi Minova, katika teritware ya Kalehe. Timu yetu ilikuwa ikifanya kazi na kikundi cha akina mama katika eneo moja la wahami huko. Walikuwa na wimbo wa dakika saba na zaidi, wenye beti nne, kwa Kihunde na Kiswahili. Ubeti wa kwanza ulitaja vilima walivyoviacha. Wa pili ulieleza usiku wa kutembea, na watoto waliopotea njiani. Wa tatu ulilalamika: ulisema kuna waliowaonyesha njia watu wenye silaha, na ukataja kilima wanakotoka. Wa nne ulisema siku moja tutalima tena pamoja.

Redio ilitaka dakika nne. Sisi tulisikiliza, na ubeti wa tatu ulitutia hofu. Kilima kile kina watu wake, na baadhi yao walikuwa wahami vilevile, wakilala mita mia mbili kutoka hapo. Tukafanya tulichoona ni busara. Tulikata ubeti wa tatu wote, tukaunganisha wa pili na wa nne. Kiungo kilikuwa kizuri: pumzi kwa pumzi, hakuna mlio, pigo halikupotea. Tulijipongeza. Tukapeleka redioni Ijumaa, wimbo ukapigwa Jumamosi.

Jumatatu mama mwimbishaji alitujia. Hakupiga kelele. Alisema: "Wanangu, mmetukata ulimi." Tukajaribu kumweleza habari ya dakika nne. Akasema: "Dakika si neno. Sikilizeni mlichotengeneza."

Tukasikiliza naye. Ubeti wa pili unaishia kwenye watoto waliopotea. Katika wimbo wao, baada ya hapo yalikuja malalamiko, kilio kikapata pa kutokea, ndipo ubeti wa nne ukafika kama mtu aliyelia akanyamaza. Katika wimbo wetu, mtoto anapotea na sentensi inayofuata inasema tutalima pamoja. Ilikuwa kana kwamba akina mama wamesamehe kabla ya kuzika. Ndugu zao waliosikia redio walikuwa wamekwisha kuwapigia simu na kuuliza: "Mmesamehe kwa niaba ya nani? Mmelipwa?" Mmoja wa waimbaji alikuwa amefiwa na mtoto katika safari ile. Mume wake alimkataza kurudi kikundini.

Hatukuwa tumeongeza neno hata moja. Kila sauti iliyosikika ilikuwa sauti yao halisi. Tuliondoa tu kipande na kusogeza kingine, na kwa njia hiyo tuliwasemesha jambo ambalo hawakulisema.

Tuongeze neno kuhusu hofu yetu, maana haikuwa ya bure. Watu wa Maziwa Makuu wanajua wimbo unaweza kufanya nini hewani. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilipiga nyimbo za Simon Bikindi kati ya maneno ya chuki. Mwezi Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akichochea Watutsi wauawe, wala si kwa kutunga nyimbo. Lakini majaji walieleza pia jinsi nyimbo zake zilivyotumiwa redioni kuchochea chuki. Wimbo unapata maana kutokana na jirani zake: kilichosemwa kabla yake, na kinachosemwa baada yake. Kwa hiyo kutaja kilima kile hewani kungeweza kweli kuwaletea watu mabaya. Kosa letu halikuwa kuogopa. Tulikosea tulipoamua peke yetu, ofisini, juu ya maneno ya watu waliokuwa umbali wa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Jinsi ilivyotengenezwa

Tulirudi na kompyuta. Safari hii tuliiweka juu ya benchi, kikundi kizima kikakaa kuizunguka, pamoja na mzee mmoja wa komite na mama mmoja wa kijiji cha wenyeji. Wimbo wote ulipigwa na alama zake. Tukaeleza wazi kwamba jina la kilima haliwezi kwenda hewani, na sababu yake. Halafu tukanyamaza, jambo ambalo kwetu wenye elimu ya chuo ni gumu.

Majadiliano yalichukua siku mbili. Wengine walisema jina libaki, la sivyo wimbo uache kupigwa kabisa. Mama mwimbishaji ndiye aliyepata njia. Alisema ubeti wa tatu ubaki, malalamiko yabaki, lakini yeye ataimba upya ule mstari mmoja, na mahali pa jina la kilima ataweka maneno mengine: kwamba anayejua njia ile anajijua mwenyewe. Tuliona kwamba ubeti ulikuwa mkali zaidi kuliko ule wa kwanza, na haukumnyooshea kidole jirani yeyote.

Kuingiza mstari mmoja ulioimbwa siku nyingine ni kazi ngumu kuliko kukata, na tunaieleza hapa kwa sababu vikundi vingi vitaihitaji. Ukimwambia mtu aimbe mstari huo hivihivi, ataanza juu zaidi au chini zaidi, na kwa mwendo mwingine. Kwa hiyo tulimvalisha kaske, tukampigia wimbo kuanzia mistari miwili nyuma, naye akaimba pamoja na sauti yake mwenyewe mpaka akapita mahali pale. Tulirekodi kwenye njia mpya, chini ya ile ya zamani. Alirudia mara tano. Tukachagua ya nne. Baada ya hapo tulikata kwenye pumzi za pande mbili, tukanyamazisha mstari wa zamani, tukasogeza mpya mpaka pigo likakaa sawa.

Bado palisikika kasoro. Siku ya kwanza kulikuwa na mvua ndogo juu ya turubai, na siku ya pili jua. Mvua ilikuwa inakatika ghafla kwenye mstari mpya, kisha inarudi. Tukatafuta katika rekodi ya zamani mahali ambapo hakuna anayeimba, mvua peke yake, sekunde nne hivi. Tukanakili kipande hicho na kukilaza kwenye njia ya tatu chini ya mstari mpya, ncha zake zikipanda na kushuka polepole. Kiungo kikapotea. Ndiyo maana tunawashauri: kila mnaporekodi, mwanzoni au mwishoni wacheni mikro iendelee kwa nusu dakika watu wakiwa kimya. Kimya cha mahali hapo ni kitambaa cha kiraka.

Zikabaki dakika nne za redio. Akina mama wenyewe walichagua cha kuondoa: kiitikio kilikuwa kinarudiwa mara nne baada ya kila ubeti, wakakifanya mara moja. Kila kiitikio kilikuwa duru kamili, kwa hiyo kuondoa kulikuwa rahisi. Wakaomba pia kitu ambacho hatukukitegemea. Baada ya ubeti wa pili, baada ya watoto, walitaka kimya. Tukasogeza vipande vyote vya mbele kwa sekunde tatu. Mtangazaji wa redio alilalamika kwamba sekunde tatu za kimya zinamfanya msikilizaji afikiri kituo kimekufa. Akina mama wakakataa kuzitoa. Zikabaki.

Wenyeji waliposikia, kikundi chao cha kwaya kiliomba kujibu kwa wimbo wa Kihavu. Hatukuzichanganya nyimbo hizo mbili kuwa moja, ingawa kwa mashine ni rahisi. Zilipigwa moja baada ya nyingine, kila moja nzima. Yule mume aliyemkataza mke wake alimruhusu arudi baada ya majuma mawili hivi. Simu za ndugu hazikuisha zote.

Ncha zilizofichwa

Jambo hili viongozi walishike vizuri, kwa sababu linahusu usalama wa watu.

Tangu toleo la 3.1, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2021, unaweza kushika ncha ya kipande na kuivuta ndani ili kukifupisha. Ni rahisi sana, na wanafunzi wote wanalipenda. Lakini kilichofupishwa hivyo hakijafutwa. Kimekunjwa, kama upindo wa suruali. Mtu yeyote atakayepata faili yako ya kazi anaweza kuvuta ncha ileile nje, na jina ulilodhani limeondoka litasikika tena. Vilevile sauti iliyonyamazishwa kwa kufunga njia nzima bado imo.

Kwa hiyo faili ya kazi, ile inayoishia kwa herufi aup3, isitoke mikononi mwa kikundi. Redio ipewe wimbo uliotolewa nje kama WAV au MP3. Humo mna kile kinachosikika tu. Kama kuna jina la hatari, usilikunje: lichague na ulifute kabisa, uhifadhi, ufunge programu, kisha ufungue tena na ujaribu kuvuta ncha. Rekodi ya asili iliyo kwenye simu nayo ni lazima ifikiriwe. Kikundi kiamue nani anaitunza, au kama itafutwa. Tumeona simu zikichukuliwa kwenye vizuizi vya barabarani na kupekuliwa.

Mambo madogo ya kuhifadhi

Ukitumia toleo la zamani, la kabla ya 2021, kazi inahifadhiwa kama faili ndogo ya aup pamoja na folda ya data kando yake. Wengi wamebeba faili ndogo peke yake kwenye kle, wakaacha folda nyumbani, wakafika redioni na mikono mitupu. Beba vyote viwili.

Wimbo wa WAV wa njia mbili unakula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 inakula megabaiti moja hivi. WAV ni ya redio na ya kutunza. MP3 ni ya kutumiana kwa simu. Usifanye kazi ya kukata juu ya MP3 kama unayo WAV, maana kila unapoihifadhi upya inachakaa kidogo. Na hifadhi kila baada ya dakika kumi. Jenereta haibishi hodi inapozima.

Zoezi la kikundi

Chukueni wimbo wenu mmoja ambao hauna jambo la hatari. Rekodini, pamoja na nusu dakika ya kimya cha mahali. Wekeni alama kwenye kila ubeti na kila kiitikio. Kisha mgawanyike pande mbili, kila upande upange vipande vilevile kwa mpango wake, bila kuongeza neno na bila kuimba upya. Pigeni mipango yote miwili mbele ya watu ambao hawakuwepo, na waulizeni: Huyu anayeimba anataka nini? Ana hasira na nani? Amekwisha kusamehe?

Majibu yao yaandikeni kwenye karatasi kabla ya kuwaambia kwamba ni wimbo mmoja. Wanakikundi waliotunga wimbo ndio wa kwanza kusema ni mpango upi, kati ya miwili, unaowasema wao. Kama ni wa tatu, fungueni kompyuta tena.